Shangazi, viza na kifungu cha 12

Jibu la ombi langu la takwimu za viza, nililolituma Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, liliingia siku ya 20, siku ya mwisho kisheria, saa kumi na moja kasoro dakika sita jioni. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya siku hiyo. Barua ya kurasa tatu, imejaa adabu: inanishukuru kwa ombi langu, inathibitisha kwamba taarifa ninazozitaka wanazo, halafu aya ya nne inaniambia sitapewa. Kuzitafuta kungepita ukomo wa gharama. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya Uingereza.

Nilirudia kusoma neno moja tu: wanazo. Mtu akikwambia hana, unakubali yaishe. Akikwambia anazo ila ni kazi kuzitoa, usingizi unaruka.

Nirudi nyuma kidogo. Shangazi yangu, dada wa baba, aliomba viza ya matembezi ya Uingereza aje kumwona mtoto wangu aliyezaliwa. Wiki sita, arudi. Ana miaka 71, ana pensheni ya ualimu, ana nyumba yake na wajukuu wanaomtegemea kwa kila kitu. Akanyimwa. Barua ikasema ofisa hakuridhika kwamba yeye ni mgeni wa kweli atakayeondoka ziara ikiisha. Hela ya ombi hairudi. Rufaa nayo hakuna: haki kamili ya kukata rufaa kwa mtu anayekuja kutembelea ndugu iliondolewa tarehe 25 Juni 2013. Kilichobaki ni kuomba upya, au kwenda mahakamani kwa hoja za haki za binadamu au kuomba uamuzi wenyewe upitiwe, na hayo yanataka wakili na mfuko mzito.

Basi kundi la ukoo la WhatsApp likawaka. Kila mmoja alikuwa na takwimu yake. Mjomba alisema siku hizi wanakataa tisa kati ya kumi. Binamu akasema wazee hawapewi kabisa, vijana ndio wanapewa kwa sababu wanalipa ada za vyuo. Mwingine akasema ni kompyuta inayokataa, hakuna mtu anayesoma. Shangazi mwenyewe hakusema neno, aliweka alama ya mikono iliyokunjwa tu. Mimi ndiye ninayeishi huku, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika, kwa kujiamini kabisa: "Subirini, nitawaletea namba zenyewe."

Sheria niliifahamu kwa juu juu. Inaitwa Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya mwaka 2000, ingawa ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005. Inampa mtu yeyote haki mbili: kuambiwa kama taasisi ya umma inayo taarifa fulani, na kupewa taarifa hiyo isipokuwa kama kuna kifungu kinachoizuia. Haiulizi uraia wako wala unaishi wapi. Sheria yetu Tanzania ya mwaka 2016 inampa haki hiyo raia. Hii ya Waingereza, shangazi angeweza kuitumia akiwa amekaa barazani kwake. Hulipii kuomba, wala hutakiwi kueleza unataka za nini. Kinachotakiwa ni maandishi, jina lako halisi, na anwani ya kukujibu, barua pepe inatosha. Kwenye jina nilitaka kuandika lile ninaloitwa na marafiki. Nashukuru nilijizuia, maana ombi la jina la utani wana haki ya kuliweka pembeni.

Wanapewa siku 20 za kazi, zinazoanza kuhesabiwa kesho yake baada ya ombi kufika. Hapo kuna kichekesho kidogo. Sikukuu ya benki ya sehemu yoyote ya ufalme haihesabiwi kuwa siku ya kazi, hata kama wewe na idara unayoiandikia mko kazini siku hiyo. Tarehe 17 Machi, siku ya mtakatifu Patrick, ni sikukuu ya Ireland Kaskazini, tarehe 2 Januari ni ya Scotland, na zote zinakurefushia subira ukiwa London. Mimi niliangukia kwenye Machi. Nilihesabu, nikaona wamechelewa siku moja, nikaandika barua pepe ya ukali, nikajibiwa kwa upole kwamba mtakatifu Patrick hajahesabiwa. Aibu ile sikuisahau.

Sasa, niliuliza nini? Hili ndilo ombi langu la kwanza, neno kwa neno, maana makosa yote yamo humo:

"Naomba kujua ni Watanzania wangapi wameomba viza ya Uingereza, wangapi wamenyimwa, na kwa sababu zipi, hasa wazee wanaokuja kuona familia zao, kwa miaka ya karibuni."

Nililiona zuri. Nililisoma kwa sauti kabla ya kulituma.

Baada ya kukataliwa nilimpigia rafiki yangu mmoja, Mtanzania mwenzangu, ambaye kazi yake ni kujibu maombi ya aina hii kwenye halmashauri. Haihusiani na viza hata kidogo, yeye anaulizwa mashimo ya barabarani na mapipa ya taka, lakini sheria ni ileile. Nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka, hili si ombi, hili ni lalamiko limevaa koti."

"Lalamiko liko wapi? Nimeomba takwimu."

"Umeuliza kwa nini. 'Kwa nini' haina safu."

Akanieleza nichore jedwali kichwani. Kila ombi la viza ni mstari mmoja. Kwenye mstari huo kuna safu: uraia, tarehe ya kuomba, aina ya viza, mahali alipoombea, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, matokeo, tarehe ya uamuzi. Ukiuliza kitu chenye safu, mtu anachuja, anabonyeza, namba inatoka. Sababu ya kunyimwa haikai kwenye safu. Inakaa ndani ya barua, imeandikwa kwa aya, kama tulivyoiona ile ya shangazi. Ili wahesabu wangapi wamekataliwa kwa sababu ya taarifa za benki na wangapi kwa kuhofiwa hawatarudi, lazima mtu afungue barua mojamoja asome.

Hapo ndipo kifungu cha 12 kinapoingia, na hesabu yake ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kwa idara ya serikali kuu ukomo ni pauni 600. Saa moja ya mfanyakazi inahesabiwa kwa pauni 25, awe karani awe mkurugenzi. Maana yake saa 24. Kwa halmashauri na taasisi nyingine ni pauni 450, saa 18. Ndani ya saa hizo wanahesabu kujua kama taarifa ipo, kuitafuta, kuifikia na kuitoa. Muda wa kukaa kufikiria wazuie nini hauhesabiwi. Tuseme kufungua faili moja na kusoma barua ni dakika 5. Saa 24 ni dakika 1,440. Faili 288, basi. Ukishauliza jambo linalotaka faili la 289, umejifungia mlango mwenyewe.

Na mlango wenyewe unafungwa wote. Hili ndilo lililoniuma: sehemu moja ya ombi ikizidi ukomo, wanaruhusiwa kukataa ombi zima. Kwa hiyo ile "kwa sababu zipi" yangu, maneno matatu, ilizama na kila kitu kingine nilichokuwa nimeomba, hata vile ambavyo mtu angevitoa kabla chai haijapoa.

Nikamwambia rafiki yangu basi nitaligawa vipande vinne, nitume leo, kesho na keshokutwa. Akasema wanaruhusiwa kuyajumlisha maombi ya mtu mmoja kuhusu jambo linalofanana ndani ya siku 60 za kazi. Nikasema basi la pili atatuma binamu, la tatu mke wangu. Akanyamaza kidogo. "Watu wanaoshirikiana nao wanajumlishwa. Mnadhani nyie wa kwanza kufikiria hilo?"

Alichonishauri ni kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho: nikaangalie kwanza kilichokwishachapishwa. Kuna kifungu cha 21 kinachowaruhusu kutokukupa kitu unachoweza kukipata mwenyewe kwa urahisi, na takwimu za viza za Uingereza zimechapishwa kwa wingi wa kushangaza. Zinatoka kila robo mwaka, mwishoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba, kwenye majedwali ya kupakua bure, zikirudi nyuma mpaka 2005. Kuna maombi yaliyoingia kwa uraia na aina ya viza, na kuna matokeo: zilizotolewa, zilizokataliwa, zilizoondolewa na mwombaji, na zilizopitwa na wakati. Ile barua ya kunikataa ilikuwa imeniwekea hata kiungo, chini kabisa, kwa sababu kifungu cha 16 kinawataka wamsaidie na kumshauri mwombaji. Sikukiona kwa sababu niliacha kusoma nilipofika aya ya nne.

Nikakaa usiku mmoja na faili la Excel. Hapo mjomba na tisa kati ya kumi zake alianguka mapema sana. Sitaweka namba hapa, maana zinabadilika kila robo na mtu atakayesoma mwakani atazibeba kama zilivyo. Zifungue mwenyewe, chuja uraia, chuja aina ya viza. Nitakachosema ni mitego, maana niliingia karibu yote.

Mtego wa kwanza ni kugawa waliokataliwa kwa walioomba. Uamuzi unaotoka Aprili unaweza kuwa wa ombi la Machi, na Machi ni robo nyingine. Ukitaka kiwango cha kukataliwa, gawa kwa maamuzi, si kwa maombi. Tuseme robo moja yameingia maombi 200 lakini yameamuliwa 150, na 60 yakakataliwa. Ukigawa kwa 200 unapata asilimia 30. Ukigawa kwa 150 unapata 40. Namba zilezile, na kwenye kundi la ukoo hiyo tofauti inatosha kuvunja undugu.

Wa pili: jedwali linahesabu maombi, halihesabu watu. Mtu aliyeomba mara tatu kwa mwaka na kukataliwa zote ni mistari mitatu. Na uraia si mahali. Mtanzania aliyeombea Dubai anahesabiwa Tanzania, na Mrundi aliyeombea Dar es Salaam hayumo. Kama swali lako ni kituo fulani kinakataaje, jedwali la uraia halikujibu, litakudanganya kwa sauti ya kujiamini.

Nilipomaliza nilijua nini hakimo: umri pamoja na uraia pamoja na aina ya viza ya matembezi, vyote kwa mpigo. Hilo ndilo nililoomba mara ya pili. Rafiki yangu alinisahihisha mara tatu kwenye simu, akafuta vivumishi vyote. Likabaki hivi:

"Naomba idadi ya maamuzi ya viza ya matembezi kwa waombaji wenye uraia wa Tanzania, kwa kila robo mwaka katika miaka mitatu ya kalenda iliyopita, ikigawanywa kwa (a) matokeo: imetolewa au imekataliwa, na (b) umri wa mwombaji siku ya kuomba: chini ya 30, 30 hadi 49, 50 hadi 69, 70 na zaidi. Kama kipengele (b) kinafanya ombi lizidi ukomo wa gharama, tafadhali nipeni (a) peke yake. Naomba kwa jedwali linalofunguka kwenye Excel."

Ile sentensi ya "kama kipengele (b)" ndiyo aliyoisisitizia. Unawaachia mlango wa kukupa nusu badala ya kukunyima yote. Na kuhusu Excel, sheria inakuruhusu kutaja umbo unalolitaka. Usipotaja unaweza kupewa picha ya jedwali na ukahesabu kwa kidole.

Binamu yangu aliniuliza kwa nini sikuwauliza moja kwa moja habari ya kompyuta. Si swali la kijinga. Mwaka 2020 serikali ya Uingereza ilikubali kuachana na programu iliyokuwa ikipanga maombi ya viza kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, na uraia ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyoamua rangi yako. Ilikubali baada ya mashirika mawili, JCWI linalotetea wahamiaji na Foxglove linalofuatilia matumizi ya teknolojia, kuipeleka mahakamani. Kwa hiyo hofu ya binamu haikutoka hewani. Ila hilo ni ombi la aina nyingine, la nyaraka na miongozo, na huko unakutana na vifungu vizito kama cha 31 kuhusu usimamizi wa sheria, ambacho wanakitumia wakiona jibu litawasaidia watu kuukwepa ukaguzi. Wakikitumia kukunyima, unaomba mapitio ya ndani. Ukishindwa hapo unakwenda kwa mamlaka huru inayosimamia sheria hii, halafu kwenye baraza la rufaa. Mimi nilikuwa na ugomvi wa ukoo wa kutuliza, sikuwa na miaka miwili.

Wala takwimu hazikuwa njia ya kujua sababu za shangazi mwenyewe. Watu wengi wanachanganya. Faili lako binafsi huliombi kwa uhuru wa taarifa, maana jibu la uhuru wa taarifa ni kama limetangazwa kwa dunia nzima, na mambo yako wanayazuia hata kwako. Unaliomba kwa sheria ya ulinzi wa data, bure, kwa jina lako, na wanapewa mwezi mmoja. Tulimjazia shangazi ombi hilo pembeni, akatia sahihi. Mle ndani tulikuta kumbukumbu fupi za ofisa, na ndimo tulimojua kwamba pensheni yake aliihesabu, ila hakuona popote karatasi ya nyumba. Karatasi hatukuiweka. Tulidhani nyumba haihitaji kusemwa.

Jibu la pili lilikuja siku ya 18. Ukurasa mmoja wa barua na jedwali moja, bila kifungu cha 12. Nililifungua kwenye basi, nikapitisha kituo changu.

Mistari mingi ilikuwa na namba. Michache, hasa ile ya chini, ya miaka 70 na zaidi, ilikuwa na nyota. Chini ya jedwali maelezo: nyota ni idadi iliyo chini ya tano, imefichwa kwa kifungu cha 40 ili mtu asiweze kutambulika. Nilitafuta robo aliyoamuliwa shangazi, nikaenda kulia kwenye safu ya waliokataliwa, nikashuka mpaka umri wake. Nyota.

Nilimpigia jioni ile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umepata namba zenu?"

Nikamweleza kwamba mjomba amekosea, na kwamba binamu naye amekosea, wazee wanapewa. Akasikiliza. Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na majedwali yangu, sikuwa nimemtayarishia jibu.

"Na mimi niko kwenye namba ipi?"

"Wewe uko kwenye nyota, shangazi."

"Nyota?"

"Wakiwa chini ya watano hawaandiki namba. Wanaweka nyota, ili usijulikane."

Akakaa kimya, nikasikia redio yake nyuma. "Kwa hiyo tuko wanne."

"Au watatu. Au wewe peke yako."

"Hebu waandikie tena hao watu," akasema. "Waulize hao wenzangu ni kina nani na wako wapi. Tuombe safari hii pamoja, kila mmoja na karatasi ya nyumba yake."

Nikamwambia hawawezi kutaja majina, ni kifungu cha 40.

"Haya," akasema. "Basi niambie hiyo karatasi ya nyumba wanaitaka na mhuri au nakala inatosha?"